Fuata ardhi, si jina: kumtafuta babu Mwingereza wa ukoo wa waungwana ukiwa Mwanza

Kuanzia Mwanza mjini hadi Geita, Magu na Ukerewe zipo familia zenye babu au babu mkuu Mwingereza. Mmoja alisimamia kiwanda cha kuchambua pamba, mwingine alikuja na reli iliyofika Mwanza 1928, mwingine alikuwa mgodini Geita au ofisini kwa DC. Wengi wao walitoka familia za kawaida. Lakini wapo waliotoka tabaka ambalo tutaliita hapa waungwana: watu waliokuwa chini ya malodi na juu ya wakulima, wasio na cheo cha kurithi, wanaoishi kwa kodi ya wapangaji wa mashamba yao. Sheria ya Kiingereza ilimpa mtoto wa kwanza wa kiume ardhi karibu yote. Wadogo zake wakaenda kanisani, jeshini, uanasheria, na baadaye kwenye makoloni. Ndiyo maana mtoto wa nyumba kubwa anaweza kuonekana Mwanza akiwa na mshahara wa kawaida na sanduku moja la nguo.

Jina pekee halitakufikisha kwake. Kijiji kimoja cha Kiingereza kinaweza kuwa na akina John watatu wa ukoo mmoja katika kizazi kimoja. Kinachowatenganisha ni shamba: nani alilirithi, nani alililipia kodi, nani aliligombea mahakamani.

Anza nyumbani

Waulize wazee jina walivyolitamka, na uliandike hivyohivyo kabla ya kulisahihisha. Kisukuma hupendelea l mahali pa r, kwa hiyo Harris anaweza kubaki Halisi, na Parker akaishia kuwa Paka. Andika matamshi yote, kisha tengeneza orodha ya majina ya Kiingereza yanayoweza kuyazaa. Uliza pia kazi yake, mwaka aliofika, gari au meli aliyotumia, na kama alikuwa na mke kwao.

Cheti cha ubatizo cha mtoto wake ni karatasi ya pili. Parokia za Kikatoliki za ziwani, Bukumbi ikiwa ya zamani kabisa tangu 1883, ziliandika rejista kwa Kilatini. "Pater" ni baba, "mater" ni mama, "patrinus" ni msimamizi wa ubatizo. Ukikuta "pater ignotus", maana yake baba hajulikani, au kasisi hakuambiwa. Usikate tamaa hapo. Soma pembeni ya ukurasa, ambako kipaimara na ndoa huongezwa baadaye, na mara nyingine jina la baba hujitokeza kwenye taarifa ya ndoa. Mwombe katibu wa parokia akusomee mstari wote. Cheti kipya hubeba sehemu tu ya yaliyomo kwenye kitabu.

Kwa mtu wa serikali, Gazeti la Serikali la Tanganyika lilitangaza uteuzi, likizo na kuacha kazi, na pia mirathi ya Wazungu waliofia huku. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zinayo, pamoja na Kitabu cha Wilaya ya Mwanza walichokuwa wakikijaza maofisa. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, kusini-magharibi mwa London, ina magazeti hayohayo, na barua za Tanganyika chini ya namba CO 691. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kuanzia 1890 hadi 1960 ziko BT 27. Mara nyingi zinaonyesha umri, kazi na anwani ya mwisho. Anwani hiyo ndiyo dhahabu: ikiwa ni jina la nyumba na si namba ya mtaa, tayari una shamba la kufuata.

Mazoezi kwa jina lililoko kwenye ramani yetu

Kabla hujagusa ukoo wako, jifunze kwa mtu ambaye majibu yake yanajulikana. John Hanning Speke, ambaye ghuba kati ya Ukerewe na bara imepewa jina lake, alilifikia ziwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, ziwa ambalo wavuvi wake walilijua vizazi vingi kabla yake. Hakuoa, kwa hiyo usimtafutie wajukuu. Ila anatoka hasa kwenye tabaka tunalolizungumzia, na karibu kila mtego wa kazi hii umo kwenye maisha yake.

Alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 Orleigh Court, nyumba iliyoko parokia ya Buckland Brewer, Devon. Nyumba ya ukoo wake lakini ni Jordans, parokia ya Ashill karibu na Ilminster, Somerset. Ukitafuta ubatizo wa mtoto wa waungwana, fungua rejista ya alikozaliwa na rejista ya nyumba ya baba yake, kisha ya nyumba ya wazazi wa mama. Watoto wa tabaka hili walibatizwa mara nyingi nyumbani na kasisi aliyeitwa, halafu wakapokelewa kanisani wiki au miezi baadaye. Ukiona "privately baptized" au "received into the church", kuna tarehe mbili za kuandika, si moja.

Jina lake la kati, Hanning, ni jina la ukoo wa mama yake. Hiyo ilikuwa desturi yao: jina la kati lisilofanana na jina la mtu kwa kawaida ni ukoo wa mama au bibi, na nyuma yake kuna ardhi iliyoingia kwa ndoa. Liandike kama kidokezo cha kufuata.

Hakuwa mrithi wa Jordans. Aliingia jeshini India 1844. Alikufa tarehe 15 Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake akiwa kwenye mawindo Neston Park, Wiltshire, na akazikwa Dowlish Wake, Somerset. Kwa hiyo usajili wa kifo chake ni wa Wiltshire, na maziko ni ya Somerset. Anayetafuta kifo katika kaunti aliyozikwa mtu atakesha bure.

Usajili wa serikali na sensa

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa imepangwa kwa robo mwaka, zikiitwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kufuatana na siku ya kusajili. Mtoto wa mwisho wa Machi huangukia mara nyingi robo ya Juni. Faharasa ya mtandaoni ya ofisi kuu ya usajili inatoa jina la ukoo la mama tangu 1837; ile ya zamani iliyonakiliwa kwenye tovuti ya bure ya FreeBMD huanza kulionyesha Septemba 1911. Kwa hiyo tumia ofisi kuu kuhakikisha mama. Adhabu ya kutosajili mtoto ilikuja 1875, na kabla ya hapo watoto wengine hawakuandikwa kabisa.

Sensa zinapatikana kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921. Ya 1931 iliungua na ya 1941 haikufanyika. Ile ya 1841 ilipunguza umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano ya chini yake, kwa hiyo mtu wa 39 ameandikwa 35.

Rejista za parokia

Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iweke rejista mwaka 1538. Zilianza kwenye karatasi. Mwaka 1598 ikaamriwa zinakiliwe kwenye ngozi, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Makasisi wengi walianza kunakili 1558, mwanzo wa utawala wa Elizabeth, wakaacha miaka ishirini ya nyuma. Ndiyo maana parokia nyingi hazina kitu kabla ya mwaka huo. Kitabu cha parokia kikiwa kimeliwa na panya au kimelowa, omba nakala ya askofu; na hata kikiwa kizima, linganisha vyote viwili, kwani mara nyingine nakala ina jina ambalo kitabu hakina.

Mtego mkubwa ni kalenda. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Mei 1640 na kuzikwa Februari 1640 hakufa kabla ya kuzaliwa. Februari ile sisi tungeiita ya 1641. Andika siku zote kwa mikwaju, Februari 1640/1, ili wewe mwenyewe usijichanganye baadaye. Mwaka 1752 waliruka pia siku kumi na moja: baada ya Septemba 2 ilifuata Septemba 14. Na kati ya 1653 na 1660, wakati wa Jamhuri ya Cromwell mwingine, Oliver, usajili ulitolewa mikononi mwa makasisi. Mapengo ya miaka hiyo ni ya kawaida.

Ndoa za waungwana huwaponyoka watu kwa sababu moja: hawakupenda majina yao yasomwe kanisani Jumapili tatu mfululizo mbele ya wapangaji wao. Wakalipia leseni. Leseni yenyewe alipewa bwana harusi na mara nyingi imepotea. Kilichobaki kwa askofu ni kiapo na dhamana. Kiapo kina umri, parokia za wote wawili, na kwa aliye chini ya miaka 21 jina la aliyempa ridhaa. Ndoa ikaweza kufungwa parokia ya tatu kabisa. Baada ya tarehe 25 Machi 1754 sheria ya ndoa iitwayo ya Hardwicke ilitaka mashahidi na sahihi, na mashahidi hao, wakiwa na jina la ukoo wa mama, ni ndugu wa kuwachunguza.

Kwa maziko, angalia maneno ya pembeni. Sheria ya 1678 ilitaka kila maiti izikwe kwa sanda ya sufu ili kuinua biashara ya sufu, na atakayetumia kitani alipe pauni 5, nusu yake iende kwa maskini. Wenye nazo walilipa wakavaa kitani. Kumbukumbu ya faini hiyo kwenye rejista ni dalili nzuri ya hadhi kuliko neno "Gent." (gentleman, yaani mwungwana) lenyewe, ambalo makasisi walilitoa kwa ukarimu.

Vyeo hivyo vijue kwa macho: "Esq." (esquire, ngazi ya juu ya Gent.) na Kilatini chake "armiger", "Gent." na Kilatini chake "generosus". "Senior" na "junior" havimaanishi baba na mwana. Ni mkubwa na mdogo tu kati ya wenye jina moja kijijini. Na mtoto akifa, aliyefuata aliweza kupewa jina lilelile. Kila ukipata ubatizo unaoutaka, pitia maziko ya miaka kumi inayofuata kuhakikisha mtoto huyo hakufa. Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu wadai ukoo wa mtoto aliyezikwa akiwa na wiki tatu.

Kuna hati za mwandiko wa karne ya 16 na 17 ambazo hazisomeki kwa mara ya kwanza. Herufi c hufanana na r yetu, s ndefu hufanana na f, h huteremka chini ya mstari, na ff mbili mwanzoni mwa jina ni F kubwa tu. Usisome neno moja moja. Tafuta maneno ambayo lazima yawepo, kama siku, mwezi na "the son of", uyatumie kama kamusi ya mwandiko wa kasisi huyo. Kioo cha simu hakitoshi kwa kazi hii. Pakua picha kwa bando la usiku, kisha ifungue kwenye kompyuta.

Tovuti za FamilySearch na FreeREG ni bure. Tovuti za kulipia zinafaa, lakini kusanya maswali yako yote kwanza, lipia mwezi mmoja, na uzime malipo ya kujirudia siku hiyohiyo.

Wosia

Hapa ndipo waungwana wanapofunguka. Tarehe ya kukumbuka ni 12 Januari 1858. Baada yake mirathi yote ya England na Wales iko mahakama moja ya serikali, na kalenda yake, yaani orodha ya mirathi ya kila mwaka, inataja jina, siku ya kufa, mahali, wasimamizi na thamani ya mali. Kalenda hupangwa kwa mwaka wa kuthibitishwa, si wa kufa. Kwa Speke anza 1864 uendelee 1865 na zaidi. Mwingereza aliyefia Tanganyika akiwa na mali kwao naye yumo, pamoja na mahali alipofia. Ukitafuta kiungo kati ya Mwanza na kijiji cha Kiingereza, fungua kalenda hii kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla ya 1858 wosia ulithibitishwa na mahakama za kanisa. Mali ikiwa ndani ya eneo moja dogo, ilikuwa kazi ya shemasi mkuu. Ikiwa kwenye dayosisi mbili na inazidi pauni 5, ilipanda hadi mahakama ya Askofu Mkuu, York kwa kaskazini na Canterbury kwa kusini. Aliyekuwa na mali pande zote mbili alikwenda Canterbury, na waungwana wengi waliipendelea hata bila ulazima. Nakala zake, kuanzia 1384, ziko Kew chini ya PROB 11 na zinatafutwa kwa jina mtandaoni. Kati ya 1653 na 1660 wosia wa nchi nzima upo humo, kwa sababu mahakama za maaskofu zilikuwa zimefungwa. Kumbuka PROB 11 ni nakala ya karani. Sahihi na mhuri viko kwenye hati asilia, PROB 10.

Kwa Devon na Somerset kuna pigo maalumu. Wosia za mahakama za kanisa za kaunti hizo zilikuwa zimehifadhiwa Exeter, na mabomu ya Wajerumani ya Mei 1942 yaliziteketeza. Anayefuata ukoo kama wa Speke analazimika kuzunguka: PROB 11 kwanza, kisha nakala za ofisi ya ushuru wa mirathi za 1812 hadi 1857 zilizorudishwa kwenye hifadhi za kaunti, kisha rejista za ushuru huo, IR 26, zinazoanza 1796.

Wosia usomwe kama sheria, si kama barua. Mtoto wa kwanza akikosekana, au akiachiwa shilingi moja, usidhani alifukuzwa. Mara nyingi alikwisha kupata ardhi kwa mkataba wa ndoa ya wazazi. "My now wife" (mke wangu wa sasa) hakumaanishi kulikuwa na mke mwingine. "Cousin" aliweza kuwa mpwa au hata mjukuu, "son-in-law" aliweza kuwa mtoto wa kambo, na "brother" akawa shemeji. Sisi tunaomwita mtoto wa baba mdogo kaka tusishangae sana. Mwanamke mwenye mume hakuweza kuusia bila ridhaa ya mumewe hadi sheria ya 1882, kwa hiyo wosia wa wanawake ni wa wajane na wasioolewa. Hao ndio wanaotaja watu wengi: mjane asiye na mtoto hugawa vijiko na gauni kwa wapwa ishirini, kila mmoja na mzazi wake. Tafuta wosia wa shangazi kabla ya wosia wa babu.

Mahakama

Waungwana walishtakiana kuhusu ardhi kama watu wanavyogombea kiwanja cha Kirumba. Mahakama ya kuanza nayo ni Chancery, mahakama ya Lord Chancellor, kwa sababu mashauri yake yaliandikwa kwa Kiingereza tangu zamani, wakati mahakama nyingine nyingi zilitumia Kilatini hadi 1733. Tafuta jina la ukoo pamoja na jina la parokia kwenye katalogi ya Kew, ndani ya mafungu yanayoanza na C. Mashauri ya karne ya 17 yametawanyika kuanzia C 2 na C 3 hadi C 5 mpaka C 10, kwa sababu makarani sita waligawana kazi. Madai yanaweza kuwa fungu moja na majibu fungu jingine. Kuanzia 1714 ni C 11, kuanzia 1758 ni C 12, kuanzia 1800 ni C 13.

Shauri lina madai, majibu, ushahidi na amri. Madai hujaa maneno ya desturi: mdai ni maskini, mdaiwa ameficha hati, wote wamekula njama. Mengi ni ya kufungulia mlango wa mahakama tu, usiyaingize kwenye historia ya ukoo. Vilevile mashtaka ya fujo na silaha mbele ya Star Chamber, mahakama ya baraza la mfalme, STAC 8 kwa enzi ya James wa Kwanza, mara nyingi yalificha ugomvi wa mpaka wa shamba. Lakini pale mdai anapoeleza jinsi ardhi ilivyomfikia, kutoka kwa babu hadi baba hadi kwake, na mdaiwa akayakubali hayo katika majibu, umepata vizazi vitatu ambavyo pande mbili zenye uadui zimekubaliana. Hakuna rejista inayotoa ushahidi wa nguvu hiyo.

Ushahidi wa mashahidi uko C 24 kwa waliohojiwa London, C 21 na C 22 kwa waliohojiwa mikoani. Kila shahidi anatajwa umri, makazi na kazi, na wazee wa miaka themanini hukumbuka nani alilima wapi utotoni mwao. Amri ziko C 33, vitabu vya A na B kwa kila mwaka. Ikiwa ugomvi uliisha kwa mapatano, huenda hakuna amri ya mwisho ya kutafuta.

Nasaba zilizoandikwa na maofisa wa nembo za koo kati ya 1530 na 1688 zinafaa kama ramani ya mkono. Ofisa alipita kaunti akiandika alichoambiwa na mwenye nyumba. Vizazi viwili vya karibu huwa sawa. Vya juu yake vithibitishe kwa wosia au shauri. Ukikutana na Speke wa Whitelackington, ukoo ambao Charles wao alinyongwa Ilminster 1685 baada ya uasi wa Monmouth dhidi ya Mfalme James wa Pili, usimpandishe kwenye mti wa mtu wa Jordans hadi kila mzazi awe na hati yake. Na nembo yenyewe ni ya mtu na uzao wake, haigawiwi kwa kila mwenye jina hilo, hata kama duka la mtandaoni limeichapa kwenye kikombe.

Unapoagiza hati Kew au hifadhi ya kaunti, barua pepe iwe fupi: namba kamili ya hati, majina ya mdai na mdaiwa au mwenye wosia, miaka, na ombi la makadirio ya bei kabla ya kupiga picha. Lipa kwa kadi ya mtandaoni. Uliza hati ina ngozi ngapi na kila moja itahitaji picha ngapi. Madai ya Chancery yameandikwa kwenye ngozi pana mno, ngozi moja huweza kuhitaji picha kadhaa, na bei huhesabiwa kwa picha.